Ukimya wa Ngazi

Mlango ulikuwa wa bati zito, umepakwa rangi ya kijivu, na ulifungukia upande wa ngazi. Bi Taratibu aliufungua, akaufunga, akaufungua tena, mpaka mlinzi aliyemsindikiza akaanza kukohoa kwa adabu. Mpelelezi hakugeuka. Wenzake wa kituoni walimpa jina hilo kwa kumcheka, kwamba hata moto ukiwaka yeye atauliza kwanza nani aliununua mkaa. Waliomcheka wengi walishahamishwa au kuachishwa kazi. Yeye alikuwa bado yupo, na bado anauliza.

Juzi yake, mchana, kijana mmoja wa mwaka wa mwisho, ambaye kwa urefu wake hakuna aliyemwita ila Twiga, alitoka kupitia mlango huu akaporomoka ngazi. Alikuwa amevaa miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfunika mtu macho yote akaona dunia ya kutengenezwa badala ya chumba alichosimama. Yeye na wenzake walikuwa wakiujaribu mchezo walioutengeneza wenyewe wakauita Pango: wachezaji wanne, kila mmoja mahali pake katika ghorofa ile ya juu, wote wakikutana ndani ya pango moja la giza na kuwindana kwa masikio tu. Sasa Twiga alikuwa hospitalini, hajafumbua macho. Na baraza la chuo lilikuwa linakutana baada ya chakula kumfukuza msichana aliyetengeneza sauti za mchezo huo, kisha kumkabidhi kwa polisi kama mtu aliyemtega mwenzake. Uamuzi ulishapikwa; kilichobaki ni kupakua.

Mkuu wa chuo alikuwa amemsomea mpelelezi mashtaka asubuhi ile kama anayesoma risala. Msichana alihamisha sauti iliyowaongoza wachezaji, akaielekeza kwenye mlango wa bati. Msichana huyohuyo wiki iliyopita aliuazima ufunguo wa mlango. Basi aliuacha wazi, akamwita mwenzake kwa sauti hadi shimoni. Mkuu alikuwa na hakika kabisa, na Bi Taratibu, katika miaka yote ya kazi, alikuwa amejifunza kuogopa hakika ya mtu mwenye kiti kikubwa. Alikumbuka bweni la chuo hikihiki lilipoungua kwa nyaya zilizooza: aliyefukuzwa ni mpishi. Alikumbuka ukuta uliomwangukia fundi wa rangi: aliyelaumiwa ni fundi wa rangi, naye yumo ndani ya jeneza, hana mdomo wa kujibu. Hapa lawama ilikuwa na tabia ya maji, siku zote huteremka. Maji yenyewe ndiyo yalikuwa hayapandi. Pampu ilikufa muhula ulipoanza, na kando ya kila mlango kulikuwa na ndoo tupu zimepangana kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Alimuuliza mlinzi kuhusu funguo. Zilikuwa mbili, mlinzi akasema: moja kiunoni kwake, nyingine kwenye kishada cha Mkuu. Yule binti alichukua ya kwake akanase mwangwi wa ngazi, akairudisha kabla jua halijatua, na yeye mwenyewe alipanda kuhakikisha kitasa kimefungwa. Juzi wakati wa ajali alikuwa mbele ya ofisi ya Mkuu, kwenye maandamano ya ndoo, akizuia wanafunzi wasipande ngazi za mbele. Chuo kizima kilimwona.

Bi Taratibu akasogeza uso karibu na bati. Upande wa ukumbini vumbi lilikuwa limetanda mlango mzima, isipokuwa mahali pamoja palipong'aa kwa kusuguliwa, juu sana, kimo ambacho mlinzi asingekifikia kwa bega hata angesimama juu ya ndoo.

Kisha akashuka. Chini kabisa, nyuma ya ukuta wa ngazi, kulikuwa na chumba cha pampu chenye mlango wake wa kutokea uani. Fundi alikuwa humo, mikono imejaa grisi, pampu imefumuliwa mbele yake kama kuku aliyenyonyolewa. Alipoulizwa kama aliwahi kuiwasha, alitazama kwanza mlangoni. Aliiwasha juzi, akakiri, wakati wale watoto wanaimba kule mbele. Iliunguruma vizuri, akaona leo nitaitwa mtaalamu. Kabla chai yake haijapoa ikatoa moshi, ikanyamaza. Hakumwambia mtu. Aibu ya nini, na maji yenyewe hayakufika popote? Alitoka kwa mlango wa uani kwenda kutafuta kipuri, na habari za kijana alizikuta sokoni.

"Hukusikia mtu akianguka?"

"Afande, ile kitu ikinguruma, ukiwa karibu na ukuta huu hata mkeo akikuita kwa jina la mwanamume mwingine, husikii."

"Na aliye kule juu, mlango wa bati ukiwa umefungwa?"

Fundi akafikiri. Bati lile linameza sauti yote, akasema. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kumpongeza.

*

Msichana alikuwa amefungiwa katika chumba alichofanyia kazi, kuta zote zimefunikwa magodoro yaliyochakaa ili sauti isirudi. Wenzake walimwita Masikio. Alikuwa mdogo wa umbo, macho mekundu, na hakuwa na dalili yoyote ya kuomba huruma.

"Shikamoo, afande. Umekuja na maswali au na pingu?"

"Marahaba. Maswali. Pingu nzito, na mgongo wangu si wa zamani."

Masikio karibu atabasamu, akajizuia. Alijibu yote bila kuzunguka. Sauti ya kuongoza ilikuwa tone la maji, tone moja moja, kila mchezaji akilifuata gizani kutafuta mdomo wa pango. Alilinasa bwenini, kutoka bomba la mwisho, siku lilipokata roho. Na ndiyo, alilihamisha, mkesha wa jaribio, kwa sababu wachezaji walikuwa wakifika kwenye mdomo wa pango kama watu wanaokwenda dukani.

"Ukalielekeza wapi?"

"Upande wa mlango wa bati." Sauti yake ikashuka. "Nilikuwa nafikiria pango. Sikufikiria jengo. Tangu juzi sifikirii kitu kingine."

Bi Taratibu hakumpoza. Alimuuliza mchezaji anajuaje kwamba anakaribia ukuta wa kweli, ikiwa macho yamefunikwa. Hapo msichana akaamka kidogo, kama fundi yeyote akiulizwa kuhusu kazi yake. Michezo mingine hupiga king'ora, akasema, na watu hukizoea wakakidharau. Yeye alimtaka kila mchezaji alete sauti ambayo hajawahi kuikaidi. Kapteni, kiongozi wa kundi, alileta filimbi ya kocha wake. Twiga alimleta mama yake. Mama wa watu alikuja mpaka humu chumbani, akakaa kwenye kigoda, akasema maneno matatu kwenye kinasa sauti: Ishia hapo, baba.

"Na Twiga alimtii?"

"Kila mara. Anacheka, anasimama. Halafu anageuka, anaegemea."

"Anaegemea nini?"

Masikio akamwangalia kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Ndani ya pango huna pa kushika, akaeleza. Giza likikaa sana mtu anayumba. Twiga alikuwa na ujanja wake. Akisikia sauti ya mama yake anajua bati liko hatua moja mbele, anageuka, anabandika mgongo pale, anawasubiri wengine wamjie. Walishamkataza, kwa sababu ni kama kuchungulia. Akawaambia huo ni ukuta wa mama yake na aliye na wivu alete mama yake pia.

Mpelelezi akafungua daftari lake. Daktari alikuwa amemweleza kwamba jeraha la Twiga liko kisogoni, na viganja vyake havina hata mchubuko. Anayetembea mbele akikosa ngazi hutanguliza mikono. Huyu hakutanguliza kitu.

"Jaribio lile lilinaswa?"

Lilinaswa, kama mengine yote. Masikio huacha maikrofoni ya kila miwani wazi toka mwanzo hadi mwisho, akasikilize baadaye pumzi za wachezaji. Pumzi ikikatika, anajua sauti yake imetisha mahali pake. Na kabla ya kuanza huwaambia wote wasimame kimya, anase ukimya wa kila mmoja pale alipo. Hakuna ukimya mtupu, akasema. Ukumbi una wa kwake, ngazi zina wa kwake. Lakini kompyuta yake ilichukuliwa kwa amri ya Mkuu, eti ni ushahidi, na sasa anaambiwa haiwaki. Nakala nyingine ilikuwa kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayowaunganisha wachezaji, na seva ni ya Kapteni.

"Na Kapteni anasemaje?"

"Tangu juzi akiniona anafunga kamba za viatu. Na amevaa kandambili."

*

Kapteni alikuwa na majibu yaliyopigwa pasi. Seva ilipata hitilafu, sauti zimefutika, anasikitika. Yeye wakati wa jaribio alikuwa chumba cha magodoro. Bi Taratibu alimwacha amalize, kisha akamwomba ayarudie, na akayarudia neno kwa neno. Mtu anayekumbuka husahau hapa na pale. Anayekariri hasahau. Kwa muda mpelelezi alimwona kijana huyu akiwa na ufunguo mkononi. Mwenye haraka ya kushinda, anayemwonea mwenzake wivu. Lakini chumba kile cha magodoro kina mlango mmoja tu, na mchezaji mwingine alikuwa ameketi mbele ya mlango huo akichezea palepale. Kapteni hakuufungua mlango wowote. Alikuwa ameziba kitu kingine.

"Nani aliyekwambia useme hivi?"

Mkuu wa chuo ni mjomba wake, Kapteni akasema. Ndiye anayemsomesha tangu baba yake afariki. Jana usiku mjomba alimwita mezani, akamwekea chakula kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mambo ya sauti yameshampata mwenyewe, yule msichana, wewe usijitwishe.

"Nani alimkuta Twiga pale kwenye kona ya ngazi?"

"Mimi."

"Amelala vipi?"

Kijana akainama kufunga kamba ambazo hazipo.

"Nakuuliza amelala vipi. Si swali la mtihani."

"Chali," Kapteni akasema. "Kichwa kimeelekea chini. Miguu juu, upande wa mlango."

"Mtu anayelifuata tone la maji kwa mbele, huanguka hivyo?"

Kapteni alilitazama dirisha. Kisha akaingiza vidole ndani ya kola, akavuta uzi uliofungiwa kijiflashi chenye nakala ya sauti, akakiweka mezani kama anayeweka jino lililong'olewa. Alikuwa amekivaa tangu juzi, akasema. Hakuweza kukisikiliza hadi mwisho, na hakuweza kukitupa.

Wakasikiliza pamoja, kila mmoja na hedifoni yake. Kwanza ukimya wa ukumbi, mkavu, kama ndani ya kabati. Kisha hatua za Twiga, na pumzi yake. Kisha, hafifu, kutoka hedifoni zake mwenyewe, sauti ya mwanamke: Ishia hapo, baba. Kicheko kifupi. Bati likaguna, mtu mrefu ameegemea. Akabaki palepale, pumzi imetulia, mtu anayewangoja wenzake kwa raha zake. Halafu karibu sana na kisogo chake, ufunguo ukaingia kitasani. Mlango ukavutwa, na mngurumo wa pampu ukamwagika ndani ya sauti yote, na ndani yake ukelele.

Kapteni akavua hedifoni. Bi Taratibu hakuvua. Alisikiliza mpaka mwisho kabisa, mkono mmoja umefunika mdomo. Alipomaliza, hakumweleza kijana alichosikia. Alimwambia tu anawe uso aje barazani, na aje na spika.

*

Mama yake Twiga alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka hospitalini, khanga yake bado ina harufu ya dawa. Walimpa kiti cha pembeni. Masikio alisimama mbele ya meza kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo aliyestaafu ualimu, alikuwa na karatasi ya uamuzi mbele yake, na Mkuu alikuwa ameshafungua kalamu kwa niaba yake.

Mpelelezi aliomba dakika chache. Akamuuliza Mkuu alikuwa wapi ajali ilipotokea.

Ofisini, Mkuu akasema, kutwa nzima. Wanafunzi walikuwa wamemzingira na ndoo zao, hata kwenda msalani alishindwa. Mjumbe mmoja akacheka. Ghorofa ya juu hakuikanyaga siku ile, Mkuu akaendelea, wala wiki ile.

Bi Taratibu akaitikia kwa kichwa polepole, kama aliyeridhika. Akasema kuna jambo moja tu linalomtatiza. Bawaba za mlango ule zinalia kama mbuzi, amezijaribu mwenyewe. Mtu angeufungua, wachezaji wengine ukumbini wangeshtuka. Mbona hakuna aliyeshtuka?

Mkuu alitabasamu kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto.

"Bawaba zitasikika wapi, mama, na pampu inanguruma pale chini kama simba?"

Alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua karatasi. Mkono ukabaki hewani.

"Pampu ipi?" aliyeuliza alikuwa mwenyekiti. "Si ulitwambia pampu imekufa tangu muhula uanze?"

Mkuu akasema ni namna ya kusema. Kisha akasema fundi alimwarifu. Bi Taratibu akaufungua mlango wa chumba, na fundi aliyekuwa akingoja nje akasema, huku akijifuta mikono kwenye suruali, kwamba hajaonana na Mkuu tangu apewe kazi, na ile habari ya pampu alimwambia mtu wa kwanza leo, huyu afande. Basi aliisikia kutoka ofisini, Mkuu akasema. Labda.

"Chini ya dirisha lako kulikuwa na wanafunzi wanaimba wakililia maji," Bi Taratibu akasema. "Wangeisikia pampu, wangeacha kuimba na kukimbilia mabomba. Hakuna aliyeacha. Iliwaka mara moja tu, muda wa kikombe cha chai. Ilisikika mahali pamoja tu, kwenye ngazi zile. Mle ndani alikuwemo kijana aliyefunikwa macho, ambaye hawezi kutueleza. Na alikuwemo mwenye ufunguo."

Kishada cha funguo kilikuwa mezani, mbele ya Mkuu, mahali alipokiweka alipoingia. Watu wote walikitazama. Yeye pia alikitazama, kama kitu kilichookotwa.

Ndipo akaanza kusema, kwa sauti nyingine, isiyo ya risala. Aliwakwepa wale wenye ndoo. Alizunguka nyuma, akapanda ngazi zile ili avuke ghorofa ya juu, ashukie upande wa pili hadi kwenye gari. Alifungua mlango kama anavyoufungua siku zote. Angejuaje mtu ameuegemea? Ilikuwa ajali, waheshimiwa. Ajali tu. Kila mmoja hapa amewahi kufungua mlango.

Mwenyekiti aliichukua karatasi ya uamuzi, akaikunja mara mbili, akaiingiza mkobani mwake kisha akamwambia Masikio avute kiti. Msichana hakuvuta. Mjumbe aliyecheka mwanzoni akaguna kwamba, kwa kweli, kama ni ajali, basi ni ajali, na mambo ya familia ya chuo yanaweza kuzungumzwa kifamilia. Mkuu akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Akaanza kumgeukia mama yake Twiga, akamwita dada.

"Kapteni," Bi Taratibu akasema. "Anzia pale mlango unapofunguka."

Kisha akamwendea mama, akainama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hii ina mwanawe ndani yake, na kama anataka kutoka, atatoka naye. Mama akakaza khanga kiunoni. Akasema atakaa.

Pampu ikajaa chumbani. Ukelele, kisha mgongano wa mwili na zege, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye kona. Mama hakufumba macho. Kapteni aliinamisha kichwa, na hapa ndipo alipokuwa akivua hedifoni siku zote. Safari hii hakuwa na cha kuvua.

Zikaja hatua. Viatu vya soli ngumu, vinashuka bila haraka, vinakaribia. Vikasimama, karibu sana na maikrofoni iliyokuwa usoni mwa kijana. Na palepale pampu ikakohoa, ikanyamaza, na ngazi zikabaki na ukimya wake. Masikio akainua uso. Aliujua ukimya huo, aliwahi kuunasa.

Ndani yake kulikuwa na pumzi. Nzito, yenye majimaji, lakini pumzi. Na juu ya pumzi, nyembamba, kutoka hedifoni zilizobaki kichwani mwa Twiga, kwa kuwa mchezo ulijua amevuka mpaka na haukujua kingine, sauti ya mwanamke ilikuwa ikirudia, ikirudia.

Ishia hapo, baba. Ishia hapo, baba.

Viatu vilibaki pale kwa muda. Kisha vikaendelea kushuka.

Hakuna aliyeizima. Sauti iliendelea kumwita mtoto chumbani mle, kwenye meza iliyosuguliwa vizuri, mbele ya kalamu iliyofunguliwa. Mama yake Twiga akasimama, akaizunguka meza taratibu mpaka mbele ya Mkuu, akamtazama viatu, kisha uso.

"Ulinisikia," akasema. "Nilikuwa namwita, na wewe ulinisikia."